Mgeni wa Ukutani

"Nani mwingine alijua, Kidawa? Nitajie mmoja tu," alisema Bi Mize, mikono kiunoni, kanga imelegea na yeye hana habari nayo. "Nilimwambia Mungu na wewe. Mungu simshuku."

"Na mimi sijasema."

"Basi kuta zimesema."

"Mwenzangu, nikate ulimi ukinikuta nimelitamka jina la Shaame nje ya jiko langu."

Bi Kidawa alikuwa kasimama mlangoni pake na mwiko mkononi, mchuzi unamdondokea kwenye kidole cha mguu. Mtaa mzima wa Chechele ulikuwa umekwisha toka nje. Mmoja alikuwa anafagia palipokwisha fagiwa. Mwingine alikuwa anamtafuta kuku, naye hajapata kufuga kuku tangu azaliwe. Watatu walikuwa wamekaa tu kwenye baraza ya Bi Kidawa kama kawaida yao, kwa sababu baraza ile ilikuwa ya kila mtu.

"Wewe?" alisema Bi Mize. "Wewe unayejua nani kaazima chumvi na nani kamnyima? Wewe ndiye redio ya mtaa huu."

"Redio ina habari za kutangaza na ina habari za kukaa nazo. Muulize yeyote."

Na hilo lilikuwa kweli. Bi Kidawa aliupenda umbea kama wengine wanavyoipenda halua, lakini alikuwa na sheria zake. Lililosemwa barazani lilikuwa mali ya umma. Lililosemwa jikoni, watu wanamenya vitunguu, liliishia jikoni pamoja na maganda. Kwa sheria hiyo nyumba yake ilijaa asubuhi hadi jioni, maana kila mtu ana la baraza na kila mtu ana la jikoni.

Kisa chenyewe kilitokea jana yake alasiri. Bi Mize alikuwa kungwi, tena kungwi wa kuagiziwa mbali, mwenye kuwafunda wanawali namna ya kumtunza mume asichoke na nyumba. Mume wake mwenyewe, Shaame, alikuwa safarini ng'ambo. Safari hiyo ilikuwa imechukua miaka, na salamu zake zilifika kila mara kupitia kinywa cha Bi Mize. Basi jana hiyo mwali alikuwa ameketi mkekani, shangazi zake wamejipanga ukutani na vikombe vya kahawa, Bi Mize anaeleza jinsi ya kumpokea mume atokaye safari, mara kile kidude cheupe cha ukutani, kilichomo katika kila nyumba, kikakohoa kidogo, kwa adabu, kikasema:

"Bi Mize, pole kwa talaka. Kwa wanaolala peke yao, tumeleta magodoro membamba. Ukipenda tukuongezee na mto mmoja, sema naam."

Shangazi wa kwanza aliweka kikombe chini. Wa pili alikimaliza kwanza chake, kisha akakiweka. Mwali akauliza talaka ni ya nani. Alishikwa mkono akatolewa nje.

"Sasa sikiliza, Kidawa," alisema Bi Mize, "na nyinyi mnaojifanya mnafagia, sikilizeni. Mlango huu sitauvuka mpaka niambiwe nani kanisema. Na siku nikiambiwa, nikaribishwe kwa kinywa, kwa sauti, kila mtu asikie. Sitaki kupungiwa mkono kama kuku."

Akaingia kwake, mlango wa pili tu. Ukuta wao ulikuwa mmoja, na Bi Kidawa alimsikia ng'ambo ya pili akivuta kiti, akakikalia.

*

Inafaa msomaji ajue kwamba nchi yao ilikuwa nchi ya adabu. Nchi nyingine katiba zao zinaanza na bendera na mipaka. Yao ilianza na mlango. Ibara ya Kwanza ilisema kwamba hakuna atakayeingia nyumba ya mtu, awe rais, awe mwizi, asipopiga hodi na kukaribishwa. Ibara hiyo iliheshimiwa na wote. Askari waliokuja kumkamata mtu alfajiri walisimama nje wakipiga hodi, wakitetemeka kwa umande, mpaka mwenye nyumba akaona aibu kuwaacha watu kwenye baridi, akasema karibu. Hapo tena walimfunga pingu, wakamshukuru kwa ukarimu.

Kwa hiyo Kampuni ya Jirani Mwema ilipofika kutoka ng'ambo, hakuna aliyeogopa. Kampuni iliomba sehemu ndogo tu ya ukuta wa kila nyumba, karibu na mlango, ipachike kidude cheupe chenye ukubwa wa andazi. Kidude hicho kiliitwa Kijirani. Kilikuwa na masikio. Macho, alisema Waziri, yatakuja mwakani, bajeti ikiruhusu. Pua haikuwemo kwenye mpango.

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nyumba. Siku ya uzinduzi alipanda jukwaani, akapangusa paji la uso kwa leso yenye nembo ya Kampuni, akasema:

"Ndugu wananchi, wapo wachache wanaouliza, je, faragha yetu? Nami nawajibu, faragha yenu ipo. Nimeiona kwa macho yangu. Imehifadhiwa ng'ambo, kwenye jengo lenye ubaridi mzuri kabisa, lenye walinzi mlangoni, mahali ambapo hata wewe mwenyewe huwezi kuigusa ukaichafua." Watu wakapiga makofi. "Na hakuna atakayesikilizwa bila ridhaa yake. Kampuni hii ina adabu kunishinda mimi na wewe. Itapiga hodi."

Makofi yalikuwa mengi zaidi. Waliosahau kupiga walikumbushwa baadaye, majumbani mwao, kwa majina.

Na kweli Kijirani kilikuwa na faida. Kilikuambia mvua inakuja, kilikukumbusha dawa, kilimwimbia mtoto asiyelala. Alichokipenda zaidi Bi Kidawa ni kwamba kila mchana, watu wanapokaribia kula, kilisema kwa sauti ya kizee iliyojaa haya, "Hodi." Sasa katika nchi ile nani angesikia hodi mdomo ukabaki umefungwa? Watu walikuwa wanaijibu usingizini. Karibu ilikuwa ikiwatoka kama chafya. Wakacheka, wakasema masikini, kidude kina adabu kuliko mashemeji zetu, wakaendelea kula. Hakuna aliyetia saini popote. Kwenye hilo Waziri hakusema uongo.

*

Bi Kidawa alikwenda Wizarani asubuhi iliyofuata, kavaa buibui la kutokea. Mheshimiwa Fumbwe alimsikiliza kwa huruma, kidevu juu ya vidole.

"Mama, nimeguswa," alisema. "Lakini hili ni la Kampuni, na Serikali haiingilii mambo ya wageni wake. Nenda ukawaone. Ofisi yao ni hapo nyuma, mlango wa uani. Wanafungua alasiri."

Alasiri Bi Kidawa akazunguka uani, akapiga hodi, akakaribishwa na Mkurugenzi wa Kampuni. Alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, kabadilisha koti.

"Sijapata bahati ya kukufahamu, mama," alisema Mkurugenzi.

"Tumezungumza asubuhi, Mheshimiwa."

"Asubuhi ulizungumza na Serikali. Mimi ni Kampuni. Na nikuambie ukweli, yule bwana ni mgumu sana, hata simu zangu wakati mwingine hapokei."

Bi Kidawa alilitazama lile koti. Lilikuwa zuri kuliko la asubuhi. Akaona hapa mtu akianza kubishana ataondoka bila jibu, naye jibu analitaka alipeleke kwa Mize.

"Nani kasema habari za jirani yangu?"

"Hakuna aliyesema. Zilisikika."

"Kwake?"

"Kwako," alisema Mkurugenzi, akabonyeza kitu mezani.

Ikatoka sauti ya Bi Kidawa mwenyewe, imechangamka, ina kicheko pembeni: "Karibu, karibu, karibu ndani. Hapa ni kwako, ukae utakavyo."

"Hapo nilikuwa namwambia Mize," alisema Bi Kidawa.

"Hukutaja jina." Mkurugenzi alifungua mikono. "Sisi tulikuwepo ukutani, mama. Tumepiga hodi, tumesikia tunakaribishwa. Ulitaka tukatae? Kukataa ukarimu wa mtu si adabu. Tena nikuambie, wengine wanatuambia karibu kavukavu, tunawachukulia maneno mawili matatu, basi. Wewe umetuambia hapa ni kwetu. Wanasheria wetu kule ng'ambo waliposikia walisimama."

Akabonyeza tena. Safari hii ilikuwa sauti ya kisu kwenye ubao, na mafuta yanachemka, na Bi Mize anasema taratibu, kama mtu anayetua mzigo, "Kaniacha, Kidawa. Zamani. Wewe peke yako unajua." Kisu kikasimama. Kisha sauti ya Bi Kidawa: "Litaishia hapa hapa jikoni, shoga yangu. Menya kitunguu."

Mkurugenzi alizima. "Kipande hiki kinatugusa sana," alisema. "Tunawasikilizisha wafanyakazi wapya, wajue nchi hii watu wanaaminiana."

Bi Kidawa alikuwa amekwisha kaa bila kuambiwa. Alijiona amekuja kutafuta mwizi akaonyeshwa mlango wake mwenyewe, uko wazi, na yeye amesimama pembeni anatabasamu.

"Nitakitoaje?" aliuliza mwishowe.

"Kutoa?" Mkurugenzi alishtuka kidogo, kama aliyesikia neno chafu. "Mgeni hatolewi, mama, wewe wa kuambiwa hilo? Mgeni anaaga mwenyewe akitaka. Na akiaga unamsindikiza mpaka kwake. Kwake ni ng'ambo. Una viatu vya safari?"

Bi Kidawa aliviangalia viatu vyake.

"Lakini kwa kuwa sisi ni watu wa adabu," aliendelea, "kipo kifungu. Mgeni akikaa nyumbani kwa mtu mwezi mzima, tangu mwezi kuandama hadi kuandama mwingine, asisikie neno hata moja la kukaribishwa, basi huona haya akaondoka. Tutakuja wenyewe kukifungua, na tundu tutaliziba."

"Neno gani?"

"Karibu. Pita, ingia, njoo, sogea, na ndugu zake wote."

"Nikimwambia mtu mwingine, si nyinyi?"

"Maneno hayana anwani, mama. Sisi tukilisikia tunashukuru tu."

"Na wapo waliofanikiwa?"

Mkurugenzi aliangalia dari akifikiri. "Yupo mmoja alifika siku ya mwisho," alisema. "Bahati mbaya siku hiyo alitembelewa na mama yake mzazi, kutoka mbali." Akatabasamu. "Tulimletea sisi, kwa usafiri wa Kampuni."

*

Mwezi uliandama kesho yake, na Bi Kidawa akafunga mdomo.

Tuseme ukweli, mtu mwingine asingepata tabu. Wapo watu ambao mwezi unapita na mlango wao haujagongwa. Lakini Bi Kidawa alikuwa hajawahi kupika sufuria ya saizi ya watu wa nyumba tu. Alikuwa na konzi zake za ziada za mchele, akiziita fungu la hodi, na mlango wake mchana ulikuwa haufungwi kwa sababu hakumbuki ufunguo uko wapi.

Siku ya kwanza watu walipiga hodi kama kawaida. Alitoka, akaweka kidole mdomoni, akawapungia waingie. Wakakiangalia kile kidole. Wakaangaliana. Mmoja akasema amekumbuka kitu jikoni. Chechele mtu akiingia nyumba bila kuambiwa karibu, yeye na mbuzi hawana tofauti, na hakuna aliyetaka kuonekana mbuzi mbele ya wenzake. Wengine, wale waliosikia kilichompata Bi Mize, walikuwa na sababu nyingine ya kutoingia, nao hawakuisema. Kufika mwisho wa wiki baraza ilikuwa na paka tu.

Alijaribu kuwaeleza mbali na nyumba, kisimani. Walimwelewa, wakampa pole, wakaangalia huku na huku. Kisimani nako kilikuwepo kimoja, juu ya bomba, kwa ajili ya usalama wa ndoo.

Kisha zikaanza zile taarifa. Kila mchana, vijirani vyote vya mtaa vilipaza sauti kwa pamoja: "Nyumba ya Bi Kidawa leo haijamkaribisha mtu. Tunawatakia mlo mwema." Bi Kidawa alisikia kupitia ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto, na kutoka kwenye duka la mkaa mbele. Alipata kusemwa mengi maishani mwake, kwamba ana mdomo, kwamba anajua mambo ya watu, kwamba mumewe marehemu alikufa kwa kusikiliza. Uchoyo hakuwahi kusemwa. Alikaa mbele ya sinia la wali wa watu wanane akalirudisha jikoni bila kuligusa.

Alikitupia kanga Kijirani, akakifunika gubigubi. "Ahsante kwa kunisitiri," kilisema. Alikitukana tusi moja kubwa la zamani, ambalo bibi yake alilitunza kwa ajili ya wakusanya kodi. "Umechoka," kilimwambia. "Jipumzishe. Nipo." Bisibisi haikusaidia, maana misumari yake ilikuwa na vichwa ambavyo hakuna fundi wa mjini aliyepata kuviona.

Katikati ya mwezi kile kizee chenye haya kikanyamaza, na Bi Kidawa akadhani ameshinda. Mchana huo ikapigwa hodi kwa sauti ya fundi cherehani wake, akatoka, hakuna mtu. Kesho yake ikapigwa hodi kwa sauti ya shangazi yake, na kile kikohozi chake cha asubuhi. Shangazi yake alikuwa marehemu. Bi Kidawa alijifunga ncha ya kanga mdomoni akaing'ata mpaka ikaacha alama.

Halafu ikaja sauti ya Mize.

"Hodi," ilisema. Ikasubiri. "Hodi." Ikasubiri. "Hodi." Kisha ikanyamaza, maana wataalamu wa Kampuni walikuwa wameisoma adabu ya nchi vizuri: hodi ni tatu, usipojibiwa unaondoka. Bi Kidawa alikimbilia mlangoni. Barabara ilikuwa tupu. Ikawa hivyo kila mchana, Mize, Mize, Mize, mpaka akaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Siku moja alijikaza, akatoka akaenda mwenyewe mlango wa pili. Alitaka tu amwambie, imetokea jikoni kwangu, mimi ndiye. Akapiga hodi. Ndani akasikia kiti kinavutwa, kisha kimya. Akapiga ya pili, na ya tatu. Kilichomrudisha nyumbani kichwa chini si kule kutojibiwa. Ni kwamba alielewa. Kule ndani nako kuna kidude, na Mize naye amekwisha sikia sauti ya Kidawa ikipiga hodi kutoka ukutani mara nyingi, na kila mara akatazama nje akakuta hakuna mtu. Ameacha kutazama.

*

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa ya jua kali. Jioni mwandamo utaonekana, na mafundi wa Kampuni, kwa mujibu wa kifungu, watakuja na ngazi. Bi Kidawa aliamka na kitu kama sikukuu kifuani. Alijiambia apike kidogo. Mkono haukumsikiliza, akatia fungu la hodi. Wali wa nazi, na papa mkavu aliyemroweka tangu asubuhi.

Alikuwa anakaanga vitunguu ilipokuja.

"Hodi," ilisema sauti ya Mize.

Bi Kidawa akakoroga.

"Hodi."

Siku ya mwisho na bado hamjachoka, alisema moyoni.

"Hodi."

Ikanyamaza, kama kawaida yake. Bi Kidawa aliachia pumzi. Mawazo yakamchukua, akawa anapanga atakavyofungua mlango magharibi ikiingia, atasimama barazani, aite mtaa mzima kwa majina, mmoja mmoja, apasuke koo.

"Kidawa," ikasema ile sauti, "vitunguu vinaungua."

Aliangalia sufuria. Vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi pembeni. Akaitua ile sufuria chini na kusimama katikati ya jiko na mwiko juu, anatafakari. Masikio kinayo. Macho mwakani. Pua haimo kwenye mpango.

Alifungua mlango.

Bi Mize alikuwa amesimama nje ya kizingiti, amekonda, kanga imekazwa safari hii. Nyuma yake mtaa ulianza kufagia.

"Nilijua umo," alisema Bi Mize. "Sikuja kugombana. Nimekuja kukuambia si wewe. Leo asubuhi kimenipigia hodi kwa sauti ya Shaame."

Bi Kidawa aliegemea mlango.

"Sauti yake hasa, Kidawa. Ile ya kurudi amechoka. Sikuwahi kujizuia, lile neno likanitoka." Bi Mize aliikaza kanga yake tena. "Kisha nikakaa nikajiuliza, wameipata wapi? Hapa hakijawahi kuisikia, Shaame aliondoka kabla vidude hivi havijaja. Basi huko aliko amesimama kwenye mlango wa mtu, akapiga hodi, na mtu akamfungulia. Nacho kilikuwepo ukutani. Kwa hiyo kinajua kila kitu kutoka kule. Hukunisema wewe. Nilikukosea."

Hapo Bi Kidawa angeweza kunyamaza. Alikuwa amefanya mazoezi ya mwezi mzima ya kunyamaza.

"Habari yako haikutoka kule," alisema. "Imetoka kwangu. Jikoni. Nilikupokea wewe, nacho kikadhani nakipokea chenyewe. Nilionyeshwa. Nimeisikia sauti yako na ya kisu."

Mafagio yalipungua mwendo. Bi Mize aliangalia juu ya bega la Bi Kidawa, kule jikoni, kama anatafuta mahali alipokaa siku ile.

"Ina maana tulikuwa watatu," alisema.

"Watatu."

"Nawe hukujua."

"Sikujua. Lakini mlango ni wangu."

Jua lilikuwa utosini. Bi Mize alikiangalia kizingiti, akaangalia miguu yake.

"Nilisema mbele za watu," alisema polepole. "Na wewe mwezi wako unaisha leo, mtaa mzima unajua. Nitarudi magharibi, mafundi wakishaondoka."

"Umekula?"

"Sijapika tangu juzi. Nampikia nani?"

Aligeuka. Aligeuka kama watu wanavyogeuka wakiwa hawana haraka ya kufika wanakokwenda. Na Bi Kidawa, ambaye tangu apate akili hajamwona mtu akiondoka mlangoni pake saa ya chakula na njaa yake, akatazama ile kanga inayokwenda, akatazama barabara. Angeweza kumfuata na sahani. Barabarani kila ukuta una chake. Angeweza kupunga mkono. Mgongo hauoni mkono. Angeweza kungoja jua lishuke, na jioni angekuwa mtu huru, na Mize angekuwa amekaa kwenye kile kiti, ng'ambo ya ukuta, anamsikiliza Shaame akipiga hodi.

Neno lilimpanda kifuani. Safari hii halikuja kama chafya. Alilishika kwanza akalipima, akajua uzito wake, kisha akalitoa.

"Mize. Karibu. Karibu wali."

Bi Mize alisimama. Kabla hajageuka, kabla hajainua mguu, kule ukutani chini ya kanga kitu kilikohoa kidogo, kwa adabu.

"Ahsante," kilisema. "Nimeshakaa."

Mtaani hakuna aliyefagia. Bi Mize alirudi mpaka kizingitini, akaitazama ile kanga iliyofunika ukuta, halafu akamtazama mwenzake, ambaye alikuwa amekwisha piga magoti anatandika mkeka, anasogeza sinia la wali wa watu wanane katikati.

"Nimesema karibu, Mize," alisema Bi Kidawa bila kuinua kichwa. "Ingia tule. Usiniache nikala peke yangu na huyu."